Chupa Iliyorudi Imejaa

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake hakuna aliyeuliza akajibiwa. Pale Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, tulimwita Nesi, basi. Manesi walikuwepo wengine hospitali, lakini ukisema "Nesi" bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema yule aliyepanga chumba cha uani kwa mama yangu, mwenye baiskeli ya kike na chupa ya kijani.

Naandika haya upesi kabla sijaanza kuyapamba. Yeye mwenyewe aliniita Haraka. Nikimweleza jambo nilianzia katikati, nikila nilimaliza kabla ya wenzangu, nikisoma kitabu nilichungulia mwisho. "Haraka," aliniambia, "wewe siku moja utafika mahali hujaondoka." Sikuona kosa langu. Nilikuwa msichana wa sekondari, tulikuwa wachache mno siku zile, na nilidhani dunia inachelewa kwa makusudi.

Gauni lake jeupe alilitia wanga wa muhogo mpaka likaweza kusimama bila mtu. Alilipiga pasi ya mkaa juu ya blanketi, akipuliza majivu kando kila mara lisije likapata doa. Akitoka barabarani asubuhi, wanawake wa mtaa wetu walianza kufagia. Simsingizii mtu, nimeona kwa macho yangu. Sufuria chafu zilisukumwa chini ya kitanda, mtoto akafutwa kamasi kwa upindo wa kanga, mtungi ukafunikwa. Nesi akipita salama, mtungi ulifunuliwa tena.

Sherehe walimwalika, kwa sababu kutomwalika ni aibu, lakini walimkalisha karibu na mlango. Mama mmoja alisema waziwazi, "Akikaa jikoni atatazama kucha zetu." Nesi akarudi nyumbani mapema, sahani yake imefunikwa, akaja kula na sisi.

Siku hiyo alimwambia mama yangu, "Dada, nimeingia nyumba nyingi za Tabora hii, lakini sijaiona hata moja. Naona zilizofagiliwa tu."

Mama anauza vitumbua, hana muda wa maneno marefu. Alimwonyesha karai lenye unga ulioganda na nzi wawili juu yake. "Basi tazama hilo hapo. Ukitaka kuosha, osha."

Nesi alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo mama hakufagia kwa ajili yake hata mara moja. Mimi niliona mama anatuaibisha. Sasa naelewa kwamba ule ulikuwa urafiki pekee aliokuwa nao Nesi mjini.

Watu wengi walidhani nesi ni sindano. Yeye kazi yake ilikuwa maneno. Alipelekwa mitaani na vijijini kufundisha kina mama: kuchemsha maji, kunawa mikono, kuchimba choo, kumlisha mtoto anayeacha ziwa. Akifika kijiji kipya walimtazama mkoba. Wakiona hauna dawa walikasirika.

"Umetoka mjini mikono mitupu, unatuletea maneno?"

"Dawa huisha kabatini, maneno hayaishi," aliwajibu. Kisha akasalimia upya, mmoja mmoja, kwa Kinyamwezi chake kibovu. Alijua salamu moja tu, Mwangaluka, ambayo ni ya asubuhi, naye aliitoa hata jua likiwa limeinama. Walicheka. Alijua kwa nini wanacheka, na hakujirekebisha. "Mtu akishanicheka haniogopi tena," aliniambia.

Alikuwa na misemo yake. "Kwanza shikamoo, halafu sabuni." Huo alimwambia kila nesi mgeni aliyekuja kujifunza kwake. Mwingine: "Ukimfokea mama, anayehara ni mtoto." Huo aliusema kwa ajili yangu, maana likizo nilikwenda naye vijijini kumtafsiria, na nilikuwa nafoka. Mama mmoja akiuliza swali lile lile mara ya tatu, nilimjibu kwa sauti ya mwalimu wetu wa hesabu. Nesi alisubiri nimalize, kisha akamwomba yule mama radhi, na mimi ikanibidi niitafsiri hiyo radhi.

Nakumbuka ya Choma, kule kwa wafugaji. Bwana Afya wa wilaya alikuwa amekwenda mara nyingi kuhubiri vyoo. Wanaume wakakubali, wakamchinjia mbuzi, akaondoka, hakuna aliyechimba hata shimo la panya. Alipopelekwa Nesi, hakuita mkutano. Alikwenda kisimani, akakaa na wanawake akiwasaidia kutwisha mitungi, akauliza mambo ya mvua na ng'ombe. Siku ya pili mwanamke mmoja akamwambia, kama anayemweleza mtoto, "Sasa mimi na baba mkwe wangu tuingie shimo moja? Nikutane naye mlangoni pale, nitamwamkia nini?"

Nesi akasema, "Kumbe ndilo hilo?"

"Ndilo hilo. Bwana yule hakuuliza."

"Basi chimbeni viwili."

Wakachimba viwili, kimoja upande huu wa boma la ng'ombe na kingine upande ule. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema watu hawa wajinga, mila zao zinawaua. Nesi aliniacha niseme. Tulipofika Nzega akaniuliza, "Wewe ungeingia?" Nikamfikiria mzee fulani ninayemheshimu. Nisingeingia.

Lakini na yeye alikuwa na mambo yake. Aliwahimiza wajawazito wale mayai, akapinga kwa upole ile imani ya wazee kwamba yai humfanya mtoto azaliwe bila nywele. Yeye mwenyewe yai halikupita kooni. Mama alimjaribu siku moja kwa yai la kuchemsha. Nesi alilishika, akaligeuza, akalirudisha. "Kichwa changu kimesoma," alisema, "tumbo langu bado liko kwa mama yangu." Ndiyo mara pekee nilimsikia akimtaja mama yake.

Na alikuwa na mtoto wa matambara. Alimshona mwenyewe kwa kufundishia: namna ya kumshika kichwa, kumwogesha, kumfunga nepi. Vijijini walimtania. "Hajazaa hata paka, huyu, anatufundisha kuogesha!" Alijibu, "Ndiyo maana nimepata nafasi ya kusoma," nao wakacheka, yakaisha. Lakini kila Jumamosi alifua nguo za yule mtoto wa matambara, kigauni na kofia na nepi mbili, akazianika kwenye kamba yetu pamoja na gauni lake. Nguo hizo hazikuwa chafu. Siku moja nilipitia uani nikamwona amesimama mbele ya ile kamba anazinyoosha kwa vidole, nami nikapita polepole.

Sasa chupa.

Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla hajapewa maji. Mwenye nyumba huchota kwa kata, huonja kwanza yeye mbele ya macho yako, ndipo hukupa. Kuonja kule ni kukwambia humu hamna kitu kibaya. Nimekua naona hivyo, wala sikuwahi kufikiri kwamba ni desturi. Ilikuwa maji tu.

Nesi kila asubuhi alichemsha maji jikoni kwa mama, akayapoza, akayatia kwenye ile chupa ya kijani, akaziba kwa kizibo, akaifunga kwenye baiskeli au akaitia mkobani. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake. Watoto walimwigiza wakitembea na chupa tupu. Ila mimi nilianza kuona jambo. Chupa iliondoka imejaa, jioni ilirudi imejaa. Maji hayo alimwagilia mchicha wa mama.

Nilipokwenda naye vijijini nikaona sababu. Alikunywa kila alipopewa. Maji ya kisima, ya dimbwi, ya mtungi usio na kifuniko, alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. Kisha akainuka kufundisha kuchemsha maji! Na usiku wa siku hizo, au kesho yake, tumbo lilimkamata. Mama alimpikia uji wa mtama bila kumuuliza kitu.

Kulikuwa na nyumba moja hasa. Kila mwezi alikwenda Ipole, kule kwa warina asali, safari ya lori mpaka Sikonge na kuendelea. Alipomaliza kazi yake hakupumzika kliniki. Alikwenda kwa bibi mmoja mjane, nyumba yake kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe zao zamani za bibi zetu. Alikaa kiwanjani, mbele kabisa, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Yule bibi alileta kata, akaonja, akampa. Nesi alikunywa polepole mno, akaomba tena, akanywa tena. Hawakuzungumza, maana hawakuwa na lugha moja, na mimi sikuambiwa nitafsiri lolote. Nilikaa pale nakunja na kukunjua miguu. Nilihesabu nyuki. Nilifikiri, hivi tumesafiri siku nzima kwa ajili ya hili?

Ndani ya lori nilimuuliza.

"Nesi, kwa nini umekunywa yale maji?"

"Kiu."

"Si unayo chupa?"

"Ninayo."

"Imejaa?"

"Imejaa, Haraka. Tazama mbele, utatapika."

Nilikasirika. Shuleni tulifundishwa kwamba anayehubiri asilolitenda ni mwongo, nami nilikuwa katika umri wa kuwapima watu wazima kwa rula. Usiku ule niliandika daftarini: *Nesi ni mnafiki.* Bado ninalo hilo daftari. Wino haujafifia.

Wiki ileile kulikuwa na darasa barazani pa kliniki, Ng'ambo. Kina mama walijaa, wengine wapya kutoka vijijini, ndiyo maana niliitwa kutafsiri. Nesi alieleza maji vizuri kama kawaida. Aliweka bilauri mbili, moja ya maji matupu, nyingine ameyeyusha chumvi, akauliza ipi yenye chumvi. Hakuna aliyejua mpaka alipoonja. "Basi na ugonjwa hukaa majini hivyohivyo, macho hayauoni."

Mama mmoja kijana akainua mkono. Akauliza kwa Kinyamwezi, na lilikuwa swali la maana: mgeni akifika ghafla, nami sijachemsha, nimfanyeje? Nimnyime?

Nilimtafsiria Nesi. Akasita. Sikuwahi kumwona akisita mbele ya watu. Na mimi, Haraka, nikaona hapo ndipo pa ukweli. Nilijibu mwenyewe, kwa Kinyamwezi kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Mpe tu. Nesi mwenyewe juzi nimemwona Ipole anakunywa maji ya kisima, hayajachemshwa, kata mbili, kwa yule bibi mjane wa njiani. Na chupa yake imejaa mkobani."

Baraza likacheka. "Kumbe!" "Nesi naye!" Mmoja akapiga makofi. Lakini mwanamke mmoja aliyetokea upande wa Sikonge hakucheka. Alimvuta mtoto wake karibu, akamuuliza jirani yake, "Kwa nani? Kwa *yule*?" Wakaanza kunong'ona. Niliyasikia, sikuyajali. Nilikuwa namtazama Nesi, nasubiri ajitetee.

Nesi alisema, "Ni kweli. Nilikunywa. Yalikuwa matamu." Akachukua bilauri zake, akaendelea kuhusu mifuniko ya mitungi.

Nyumbani hakunigombeza. Alipokuwa anafungua mlango wa chumba chake aliniambia kitu kimoja tu. "Umetafsiri vizuri."

Mama ndiye aliyesema. "Umemvua nguo mtu mzima barazani. Sasa zivae wewe tuone kama zinakutosha."

Nikamwambia mama kwamba ukweli ni ukweli. Akageuza kitumbua.

Baada ya hapo darasa lilipungua. Wanawake waliochoka kutafuta kuni za kuchemshia walipata neno: hata Nesi anakunywa. Aliendelea kuja na bilauri zake mbili, siku nyingine kwa watu watano, siku nyingine kwa wawili na mbwa wa mlinzi. Aliwasalimia wote. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu bila kumwomba radhi. Alinisindikiza mpaka stesheni, akanipa sabuni mbili na kitambaa, akasimama karibu na reli ameshika baiskeli yake mpaka garimoshi likapinda. Nilimpungia mkono mara moja, nikafungua kitabu.

Nilipomaliza chuo nikapangiwa shule ndogo, upande wa Ipole. Wangenipeleka kokote, wakanipeleka huko.

Siku ya kwanza kurudi kutoka shuleni kiu ilinishika, nami nikaiona ile nyumba kando ya njia. Nikageuka kwenda kuomba maji. Mtoto mmoja wa darasani kwangu akanishika sketi.

"Mwalimu, pale watu hawanywi maji."

"Kwa nini?"

"Pale hapanywewi." Hakujua zaidi. Alikuwa amezaliwa akakuta hivyo.

Nilikwenda. Bibi alikuwa anachambua nta. Nikamwamkia, akanitazama miguu.

"Wewe ndiye mtafsiri," alisema. "Yule mwenye miguu isiyotulia."

"Ndiye mimi, bibi."

"Habari ya ulichokisema Ng'ambo ilifika hapa. Ilipanda lori, ilifika kabla yako."

Nikatamani ardhi inimeze. Yeye akanikaribisha kigoda, akanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikiliza mtu mpaka mwisho.

Nyumba ile tangu bibi yake mzaa bibi ilikuwa nyumba ya maji. Msafara ukipita, wenye mizigo walitua pale, wakapewa maji bila kuulizwa wanatoka wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya ukoo wao, hawakuwa na ng'ombe, walikuwa na jina. Nesi alipofika Ipole mara ya kwanza, akiwa mpya, hajazoea watu wa huku, walimpeleka pale kwa heshima, kijiji kizima nyuma yake. Bibi akachota, akapiga magoti, akaonja, akampa. Nesi akatabasamu. Akatoa mkobani ile chupa ya kijani, akanywa ya kwake, kisha akaanza somo, mtu wa kliniki akimtafsiria.

"Watu wakanyamaza," bibi alisema. "Yeye akadhani wanamsikiliza."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mwenyeji ameonja, mgeni akakataa, tena mgeni mwenyewe ni mtu wa dawa, aliyesomea sumu na ugonjwa. Mbele ya kijiji kizima.

Msimu ule kijana wa jirani aliyekuwa akinywa pale akafa kwa tumbo. Hakuna aliyemshtaki bibi. Walikumbuka tu. Nesi alijua, walisema, Nesi aliona ndani ya kata. Asali yake ikakosa mnunuzi. Mkwe wake akachukua wajukuu akahamia kwa ndugu zake. Nyasi zikaota kwenye njia ya kuingilia kiwanjani. Nesi aliporudi, baada ya miezi, akauliza mbona nyumba hii imekuwa hivi, mzee mmoja akamjibu, "Si wewe uliyetuonyesha?"

"Tangu siku hiyo anakuja," bibi alisema. "Anakunywa watu wamwone. Na kwa wengine wote anakunywa, maana akinywa kwangu na kukataa kwa mwingine, yatakuwa yaleyale kwa huyo mwingine."

Nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini siku ile Ng'ambo hakueleza. Kisha nikajijibu mwenyewe. Angeeleza vipi bila kumtaja tena huyu bibi mbele ya watu?

Nyuma ya nyumba chungu kilikuwa motoni. Kinatokota, hakina nyama wala mboga. Bibi aliona ninakitazama.

"Maji," alisema.

"Unachemsha?"

"Siku ile alipotoa chupa yake, wengine walitazama chupa. Mimi nilisikia maneno. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kusikia." Akasukuma kuni ndani. "Nachemsha tangu hapo. Siku yake ya mwezi ikikaribia nachemsha jana yake, nayapoza mtungini, ila harufu ya moshi haitoki. Siwezi kumpa mgeni wangu kitu alichosema kinaua."

Kwa hiyo pale kwake maji yalikuwa yamechemshwa. Katika nyumba zote za Ipole, ile ndiyo iliyomsikia. Na mimi nilisimama barazani nikasema kwa lugha mbili kwamba hayajachemshwa.

"Nesi anajua?"

"Hajasema. Nami sijasema. Tukisema, watu watasema aa, kumbe anakunywa kwa sababu yamechemshwa, basi yale ya kwanza yalikuwa na kitu." Akaniangalia. "Nawe usiseme hapa kijijini. Unaweza?"

Ni swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikasema naweza.

Akachota, akaonja, akanipa. Yalikuwa ya uvuguvugu na moshi. Kesho yake baada ya masomo nilikwenda tena, nikakaa kiwanjani mbele kabisa, miguu nimeituliza. Na keshokutwa. Sikumweleza mtu neno. Watoto wa shule walisimama njiani wakinitazama, siku nyingi, wakisubiri mwalimu wao aanguke. Sikuanguka. Mwisho yule aliyenishika sketi akaja, akakaa nyuma yangu, akaomba. Msimu wa asali uliofuata mkwe wa bibi akaja kusalimia na mtoto mmoja. Hakulala. Lakini alipewa maji, akanywa, na mtoto akanywa.

Nesi siku hizo hakuja tena. Ilisemwa anaumwa. Nilipopata likizo bibi akanipa kibuyu cha asali nimpelekee, na swali.

Nilimkuta chumbani kwake, mchana, mlango wazi. Alikuwa amekonda, gauni la nyumbani linamwelea, halina wanga. Masanduku mawili yamefungwa kamba. Amepewa barua ya kupumzika, anaondoka kwa garimoshi la wiki ile, kwenda kwa watu wake. Nikashangaa kwamba ana watu. Juu ya sanduku alikaa mtoto wa matambara, amevaa kofia.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba, Haraka. Umekuwa mwalimu kweli, una vumbi."

Tumbo limemharibikia, alisema, daktari amemkataza safari za lori. Halafu, akiwa anakunja kanga ambayo ilikwisha kunjwa, "Ipole sijakwenda miezi mingi. Najua wataona nimemkimbia. Kazi yote ile, na mwisho wake nimemkimbia."

"Nakunywa pale," nikasema. "Kila siku nikitoka shule. Mbele, kiwanjani."

Akaacha kukunja.

"Peke yako?"

"Mwanzoni. Sasa wapo watoto wa shule. Na mkwe alikuja."

Nesi alitazama uani ambako mama alikuwa anapiga unga, sufuria chafu zimetapakaa kila mahali. Njia nzima kutoka Sikonge nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga kama insha, utangulizi na yote. Nikayaacha yote.

"Bibi ameniagiza swali," nikasema. "Nikuulize, maji yake yana moshi sana?"

Nesi akafunika mdomo. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, kile cha kushika nguzo.

"Mwambie kidogo tu," alisema alipoweza. "Mwambie tangu mara ya kwanza nayasikia, kidogo tu. Yananitosha."

Kisha akakumbuka kwamba mimi ni mgeni, nimetoka mbali, na sijapewa chochote. Akainuka kwa kushika ukuta. Chupa ya kijani ilikuwa dirishani, imejaa. Akamimina kwenye kikombe cha bati, akakiinua kinywani mwake ili aonje kwanza, kama mwenyeji yeyote wa huku.

Nilikichukua mkononi mwake kabla hakijafika. Nikanywa yote bila kuonjewa, mpaka chini.

"Haraka," akasema, akakaa.